Mayai Kwenye Chumba cha Mikate

Jumatatu tarehe kumi na tisa, saa moja kasorobo asubuhi, mashine ya kutotolesha vifaranga ya Baba Kuku ilizimwa na mtu ambaye hajawahi kuiona. Haikuungua wala haikukatika waya. Umeme ulikuwepo, taa ya jikoni iliwaka na redio ya jirani ilikuwa ikisoma habari za wakubwa waliofungua mkutano. Ilizimwa tu, kama mtu anavyozimiwa taa angali anakula.

Baba Kuku alipiga magoti mbele yake. Kile kioo kidogo kilichozoea kuonyesha joto sasa kilikuwa na maneno mekundu. Aliyafuata kwa kidole polepole, maana shule aliiacha kabla haijamzoea: KIFAA HIKI KIMESITISHWA. MMILIKI AWASILIANE NA KAMPUNI.

"Mmiliki si ndiyo mimi?" aliiambia mashine. "Haya, nimeshafika. Sema."



Ndani mlikuwa na trei zilizojaa mayai, na hata moja halikuwa lake. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina: watu wa mtaani humletea mayai, kila mmoja amechora alama yake kwa penseli, huyu msalaba, huyu duara, na baada ya majuma matatu hurudi na maboksi kuchukua vifaranga. Haya yalikuwa yamebakiza siku tatu. Jana yake tu aliyamulika kwa tochi akaona vifaranga vimejaa mpaka ukingoni, vinachezacheza. Yai changa likipoa umepoteza yai. Yai la namna hii likipoa, umeua kuku, tena kuku wa watu.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone mambo!"

Aliyeitwa hivyo alikuwa mama mkwe wake. Bibi huyo alikuja msibani mwanawe, mke wa Baba Kuku, alipofariki, akasema atakaa mpaka mambo yatulie, na kwa maoni yake mambo hayajatulia bado. Alikuja na kanga mabegani, akaitazama mashine, akaitia mkono ndani.

"Inapoa," alisema. "Mwambie mjukuu wangu achemshe maji. Na wewe leta blanketi zote, hata ile unayojifanya hunijui nikiiomba."

Mjukuu, binti wa Baba Kuku, mshonaji wa sare za shule, aliiacha cherehani yake na kuwasha jiko. Maji ya moto yakajazwa kwenye chupa za plastiki, chupa zikaviringishwa vitambaa vya sare, kisha mayai yote yakahamishiwa kitandani kwa Bibi. Yeye mwenyewe akapanda, akalala ubavu katikati ya mayai, akajifunika mpaka kidevuni.

"Bibi, utayavunja!" binti alisema.

"Nimelea watoto saba kitanda kimoja na hakuna niliyemlalia. Nenda zako." Akamgeukia mkwewe. "Na wewe nenda kwa hao waliozima. Waambie kuanzia leo mashine ni mimi, na mimi hakuna wa kunizima."

*

Duka la kampuni lilikuwa na vioo safi na kiyoyozi kilichomfanya mtu ajute kutovaa koti. Ukutani ilining'inia picha kubwa ya siku ya uzinduzi: mheshimiwa waziri amekata utepe, ameshika kifaranga, anacheka. Baba Kuku aliikumbuka vizuri siku hiyo. Waziri alisema mashine hizi zitamtoa mwananchi wa kawaida kwenye umaskini, watu wakapiga makofi, na marehemu mkewe akanunua yake palepale kwa fedha taslimu. Kile kifaranga kilimnyea waziri kiganjani. Mpaka leo Baba Kuku anaamini ndicho kiumbe pekee kilichowahi kumjibu.

Alisimama kwenye foleni, kofia mkononi. Binti wa kaunta alikuwa mpole, wa sauti nyororo, macho yake hayatoki kwenye kompyuta.

"Jina la mmiliki, Mzee wangu?"

Alilitaja jina la mkewe. Alikuwa hajalitamka kwa sauti muda mrefu, likamtoka kama jina la mtu wa kuheshimiwa asiyemfahamu vizuri.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Amefariki. Mwaka wa pili huu."

"Pole sana, Mzee. Anaweza kufika hapa na kitambulisho?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Binti alishtuka, akaweka mkono mdomoni. "Samahani, Baba. Ndivyo ilivyoandikwa hapa, mimi nasoma tu."

"Soma, mwanangu. Soma yote."

"Mfumo unasema mmiliki alitumiwa masharti mapya ya matumizi kwenye simu yake. Alitumiwa mara tatu. Ijumaa akajibu HAPANA. Kwa hiyo kifaa kikasitishwa."

"Nani alijibu?"

"Mmiliki."

"Aliyefariki?"

"Mfumo unasema hivyo."

Baba Kuku aliegemea kaunta. "Binti yangu, yule mwanamke nimeishi naye, na neno hapana alilijua kuliko mtu yeyote. Lakini Ijumaa hakulisema."

Safari hii foleni nzima ilicheka, hata binti mwenyewe. Lakini kucheka hakukuwasha mashine. Baba Kuku aliuliza masharti mapya yanatoka wapi wakati mashine ilishalipiwa yote, siku moja, mbele ya waziri. Binti akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa kwamba dawa imekwisha: walichonunua wao ni kifaa. Programu inayokiendesha ni mali ya kampuni, na kampuni inamruhusu tu mteja aitumie.

"Yaani nilinunua sanduku."

"La ubora wa juu, Mzee."

"Na hili sanduku la ubora wa juu litafunguliwa lini?"

"Tukibadilisha usajili ni siku saba za kazi."

"Mayai yana siku tatu, mwanangu. Na hayajui siku za kazi wala za mapumziko."

Binti aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba angekuwa na uwezo angeifungua sasa hivi, ila hata yeye hajui inafungiwa wapi. Baba Kuku alimwamini. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: wanaofunga hawakai kaunta. Wamekiweka hapo kitoto cha watu, kipigwe na midomo ya wenye hasira, wao wapo kwenye viti vya kuzunguka.

Ng'ambo ya barabara ilikuwa ofisi ya serikali ya kuwalinda walaji. Alivuka, akakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa. Akaifuata kwa kidole. Wafanyakazi wote walikuwa wamekwenda hotelini kwenye semina ya haki za mlaji.

"Wakirudi watakuwa wanazijua sana," alimwambia mlinzi.

"Kila mwaka wanakwenda, Mzee," mlinzi alisema. "Mwaka jana walirudi na mabegi."

*

Alipofika nyumbani, kitanda cha Bibi kilikuwa kinafuka joto kama shimo la mkaa. Binti yake alikuwa anabadilisha chupa, jasho linamtoka. Ukingoni mwa kitanda alikuwa ameketi Mama Mikate, mwenye kiwanda kidogo cha mikate upande wa pili wa barabara, aliyekuja kuuliza habari za mayai yake yenye alama ya duara.

"Jirani," alisema, "nimeona mengi, ila bibi mwenye vifaranga vya mtaa mzima hii ni mara ya kwanza."

"Usinichekeshe," Bibi alisema kutoka chini ya blanketi. "Nikicheka yanagongana."

Baba Kuku aliwasimulia yote. Aliposema kwamba marehemu amejibu HAPANA Ijumaa, Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Binti ndiye aliyefikiri haraka.

"Baba, namba ya Mama tuliacha kuiwekea salio. Wenye mtandao huwa wanampa mtu mwingine. Ipigie."

Alitoa simu yake. Namba ilikuwa bado imo, chini ya neno "Mama Watoto". Hakuwahi kuifuta, na hakuwahi kuipiga. Kidole chake kilizungukazunguka juu ya kile kitufe mpaka Bibi akasema, "Piga, Baba. Mayai yanangoja." Akapiga. Ikaita, binti akaiweka sauti ya juu. Bila kujijua alisimama wima, akalivuta shati lake liwe sawa.

"Haloo!" ilikuwa sauti nene ya mwanamume, nyuma yake kelele za msumeno. "Nani mwenzangu?"

"Nani anapokea simu ya mwanangu?" Bibi alifoka kutoka kitandani.

"Mimi fundi magodoro," sauti ilijibu, imekosa nguvu kidogo. "Kwani kuna tatizo, Mama?"

Lilipoelezwa tatizo, msumeno ulizimwa. Fundi magodoro alikiri kila kitu kabla hajabanwa. Namba hiyo alipewa tu aliponunua laini. Tangu aipate, haikosi meseji za watu wasiomhusu. Kuna mwanamke aliyemtumia salamu za sikukuu akimwita dada. Kisha zikaanza hizi za mashine: kubali masharti, kubali masharti. Akaona ni matapeli. Ijumaa kichwa kinamuuma, zikaingia tena, akaandika HAPANA, SINA MASHINE, NIACHENI.

"Kaka, ningejua kuna vifaranga ndani yake!" alisema. "Wallahi nimewazimia mtambo bila kujua. Niambieni nifanye nini. Niandike NDIYO sasa hivi?"

"Andika," Baba Kuku alisema.

Waliisikia simu ikigongwagongwa. Muda si mrefu fundi akarudi. "Wamejibu. Wanasema ombi langu limepokelewa, nisubiri siku saba za kazi."

Bibi alifunika uso kwa blanketi. Baba Kuku aliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, akajiona kama mtu aliyesimamishwa mlangoni kwake mwenyewe na kuulizwa anamtafuta nani. Alianza kuhesabu kichwani nyumba atakazozipitia kuomba radhi, alama moja baada ya nyingine. Kazi hii huendeshwa kwa kuaminika tu. Nani atamletea yai tena?

Mkono wa Mama Mikate ulikuwa umeingizwa chini ya blanketi, unapapasa joto.

"Hili joto nalijua," alisema. "Joto hili na unyevu huu ninao. Chumba changu cha kuumulia unga."

Wakamtazama.

"Unga wa mikate hauumuki kwenye baridi. Nina chumba nyuma ya tanuri, kina mvuke, kina rafu. Kinapungua joto kidogo kuliko mnavyotaka, maana mlango wake una nyufa. Tukiziba nyufa, joto linapanda."

"Na unga wako utauumulia wapi?" Baba Kuku aliuliza.

"Siku tatu watu watakula mikate ya bapa. Hawatakufa. Wengine wanahitaji kupungua."

"Nyufa za mlango niachieni mimi!" simu, waliyokuwa wameisahau, ilipiga kelele kutoka sakafuni. "Nina sponji za kila unene! Nakuja!"

*

Msafara wa kuvusha mayai barabara ulifanyika adhuhuri, jua likiwa kali, na hilo lilikuwa la heri. Mbele alikwenda Mama Mikate na trei, halafu binti, halafu Baba Kuku, kila trei imefunikwa blanketi, nao wanatembea kama watu waliobeba jeneza la mtoto wa mfalme. Bibi alibeba mawili tu, kifuani, kwa sababu alisema hayo yameshamzoea.

Walipofika ukingoni mwa barabara wakakutana uso kwa uso na Afande. Huyu alikuwa askari wa usalama barabarani, mstaafu, na mayai yake yalikuwa yenye alama ya msalaba.

"Simameni hapo! Mnapeleka wapi mayai yangu?"

"Afande, mashine imezimwa na kampuni," Baba Kuku alianza.

"Nimekuuliza wapi, sijakuuliza kwa nini."

"Kwa Mama Mikate. Yakaumuke."

Afande aliinua ncha ya blanketi, akaona alama zake zimetulia, akairudisha taratibu. Kisha, bila kuombwa, akaingia katikati ya barabara, akatoa filimbi mfukoni, filimbi ambayo kwa mujibu wa sheria alipaswa kuirudisha alipostaafu, akaipuliza mpaka lori la mchanga likafunga breki na kurusha vumbi.

"Usipige honi!" alimwambia dereva. "Kuna watoto wanapita!"

Fundi magodoro aliwakuta chumbani tayari. Alikuwa mtu mnene, mfupi, mwenye nywele zilizojaa chembe za sponji kama aliyenyeshewa theluji. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akapiga goti.

"Mama, shikamoo. Mimi ndiye mwenye ile namba."

"Marahaba. Ndiyo wewe unayeitwa dada?"

"Ndiyo mimi, Mama."

"Basi umekuwa wa nyumbani. Ziba mlango."

Aliuziba mlango, akaziba dirisha, akaweka sponji chini ya trei ili zisitikisike. Kipimajoto kikapanda mpaka pale Baba Kuku alipopataka, kikakaa. Kwa siku zilizofuata walipokezana. Binti alihamishia cherehani kiwandani, Afande akakaa mlangoni akidai jina la kila aliyetaka kuchungulia, na fundi alipita kila alipofunga kazi kuuliza "wanetu hawajambo?" Baba Kuku hakutoka kabisa. Alilala juu ya magunia ya unga, na asubuhi aliamka mweupe kuanzia kichwani, mpaka Mama Mikate akamwambia amezeeka kwa usiku mmoja lakini kumempendeza.

*

Alhamisi asubuhi, wateja wa mikate walipopanga foleni dirishani, mwanamke mmoja alirudi nyuma.

"Mama Mikate, huo mkate mbona unalia?"

Ulikuwa si mkate. Nyuma ya tanuri yai la kwanza lilikuwa limetobolewa, likafuata la pili, kisha kukawa vurugu tupu: maganda yanapasuka, vifaranga vimelowa, vinaanguka, vinainuka, vinagombana kabla havijakauka. Mayai yaliyokataa yalikuwepo, kama yanavyokuwepo kila mara, lakini yalikuwa machache kuliko hata ya mwezi uliopita. Afande aliwahesabu wa kwake mara mbili na kuwapigia saluti. Bibi alivua kanga moja akaweka wawili wake ndani, akasema hawa hawaendi kwa mtu.

Baba Kuku alisimama katikati, mikono imening'inia. Alitaka kusema kitu cha maana, akasema, "Wanataka maji."

Katikati ya kelele hizo simu ya fundi magodoro ililia. Aliisoma, akaifuta kwenye shati, akaisoma tena.

"Jamani! Wamenijibu kabla ya siku zao! Wanasema nikibonyeza NDIYO, mashine inawaka sasa hivi."

Watu walishangilia. Nje wenye mayai mapya walishaanza kuulizia zamu, na chumba cha mikate kilitakiwa kirudie mikate. Wala subira ya watu kwa mikate ya bapa haikuwa ya kudumu. Fundi aliinua kidole gumba.

"Ngoja," Baba Kuku alisema. "Tusomewe kwanza ndiyo ya nini."

Binti aliichukua simu, akasoma. Mmiliki anakubali kulipia huduma kila mwezi. Mmiliki anakubali kutofungua kifaa wala kukipeleka kwa fundi asiye wa kampuni. Mmiliki anakubali kwamba kampuni inaweza kusitisha kifaa wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu.

"Au bila sababu," Bibi alirudia. "Angalau ni wakweli."

"Kaka, mimi nasubiri neno lako," fundi alisema. "Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Namba ni yangu lakini mashine ni yako."

"Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wapigie."

Simu ikawekwa sauti ya juu, juu ya gunia la unga. Ikapokelewa na sauti ileile nyororo ya kaunta. Baba Kuku aliitambua, akafurahi.

"Mwanangu, ni mimi, yule wa marehemu."

"Shikamoo, Mzee! Mayai vipi?"

"Marahaba. Sikiliza mwenyewe." Akaisogeza simu karibu na trei. Vifaranga vikasema vyote kwa pamoja, na upande wa pili binti akasikika anacheka kwa furaha kabisa, kisha akajikumbusha kazi.

"Hongera sana, Mzee wangu! Basi huyo mwenzako abonyeze tu NDIYO, na mimi naona hapa kila kitu kitafunguka."

"Atabonyeza. Au hatabonyeza. Juzi nilikuja kwako na roho za watu mkononi, ungeniambia nisaini nimeuza nyumba ningesaini. Leo vifaranga wako nje, wamekauka, hakuna aliyenishika koo. Kwa hiyo leo naweza kuuliza kama mtu."

"Uliza, Baba."

Chumba kizima kilisogea. Hata Afande aliacha mlango. Kidole gumba cha fundi magodoro kilikuwa bado hewani, kinangoja neno.

"Aliyelipa ni mke wangu, naye yuko kaburini. Anayeitumia na kuifuta vumbi ni mimi, nanyi mnasema mimi si mtu. Anayeruhusiwa kusema ndiyo ni fundi magodoro, ambaye mashine yenyewe hajawahi kuiona. Na anayeiwasha na kuizima ni mtu huko mliko, ambaye hata wewe humjui. Basi nisaidie jambo moja tu, mwanangu, na ukishindwa muulize mkubwa wako, naye amuulize wake, mpaka mfike kwa yule aliyekata utepe: hii mashine iliyoko jikoni kwangu ni ya nani?"